Vijana wa Lamu, kazi ya tamasha iko nyuma ya jukwaa

Mhariri,

Asalamu aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ikiwa barua yenyewe ni ndefu, uniwie radhi, maana jambo hili limenikaa kifuani siku nyingi.

Kila Maulidi yakikaribia, na kila Novemba tamasha ya utamaduni inapojongea, vijana hunijia dukani kwangu Langoni. Mimi nakodisha mahema, viti, vipaza sauti na jenereta, na tangu nilipomaliza shule ni karani wa mbio za mashua. Ombi lao huwa moja: "Bi, na sisi tutie kwenye kazi ya tamasha." Nikiwauliza kazi gani, wa kwanza ataka kushika maikrofoni awe mshereheshaji, wa pili ataka kucheza muziki, wa tatu ana simu nzuri ataka kupiga picha. Bado sijampata aliyeniambia ataka kujifunza kukunja waya, kuandika majina ya manahodha au kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Na hizo ndizo kazi zilizonisomeshea wanangu.

Basi naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaotuita kazini kisha wakasahau kutulipa.

Nilianza kwa hati nzuri ya mkono. Ami yangu mmoja alikuwa kwenye kamati ya mbio za mashua, na wenzake wote walikuwa wazee waliokulia baharini. Bahari waliijua, ila kuandika waliona ni shughuli ya watoto. Nikapewa daftari la mistari na kalamu. Kila mashua niliandika jina lake, jina la nahodha, atokako, awe wa Matondoni, Kipungani, Shela, Siyu au Faza, na alama ya tanga lake ili tuitambue ikiwa mbali. Kwa akili yangu nikaongeza safu mbili: saa chombo kilipozunguka boya, na saa kilipoingia. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba kila mwaka ubishi ulikuwa ukianzia hapo.

Asiyewahi kuziona mbio hizi asidhani ni mchezo wa kupita wakati. Vyombo hupangwa mstari mmoja mbele ya mji, matanga yamefungwa kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga, kwa nyuzi nyepesi, mabaharia wameinama, mikono i kambani, na hakuna anayesema kitu. Ishara ikitoka, nyuzi hukatika kwa mvuto mmoja, tanga hufunguka na kushiba upepo, na papo hapo watu hukimbilia upande wa juu wa chombo, wengine wakatoka nje kabisa kukalia ubao ili kukizuia kisilale. Viroba vya mchanga vya farumi, yaani uzito wa kukisimamisha chombo, huhamishwa upande hadi upande kila chombo kinapogeuka. Kiroba kikichelewa kidogo tu, maji yanaingia. Nahodha hawezi kuyafanya hayo peke yake hata awe bingwa wa namna gani. Ufukweni watu hulitaja jina lake yeye, lakini mabaharia wanajua ushindi umepatikana au umekosekana kwenye kiroba cha nani.

Mwaka mmoja mashua mbili ziliingia zimeandamana, na mwenye ya nyuma akadai mwenzake hakulizunguka boya, alikata ndani. Ufukwe ukachemka. Watu wa huku na watu wa kule walishakunja kanzu na vikoi tayari kwa lolote. Ami akanitazama, nikafungua daftari. Kijana niliyemweka kwenye boti ya boya alikuwa ameniarifu kila chombo kilipopita, nami niliandika saa na dakika mbele ya jina. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezunguka. Nahodha aliyelalamika, mtu wa rika la marehemu babangu, alitaka kusoma mwenyewe. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akaniambia, "maneno ya kanwa huchukuliwa na pepo. Haya yamekaa."

Tangu hapo nikaanza kuitwa. Mashindano ya kuogelea, mbio za punda, mpira wa mitaa katika uwanja wa Twaif, kote walitaka karani yule yule. Sikuwa nimebandika tangazo popote. Biashara yetu hii, uikuze uwezavyo, msingi wake ni mtu kukuamini kwamba ukisema saa kumi ni saa kumi, na ukiandika wa pili ni wa pili hata kama wa kwanza si wa mtaani kwenu. Spika zinakopeka, na fedha ya kununulia hema yaweza kutoka kwenye chama. Kuaminiwa hakukopeki, na huchukua misimu mingi kujengeka.

Niseme sasa kuhusu kalenda, maana hapa ndipo wengi wanaotoka nje kuja kuandaa shughuli Lamu huona maajabu.

Kalenda ya ukutani haitoshi kisiwani. Maulidi hufuata mwezi, nayo kwetu husherehekewa Mfungo Sita, mwezi wa tatu wa Kiislamu, ukielekea kwisha, zefe za maandamano na ngoma za dufu zikijaa njia za kuelekea Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Swaleh. Mwezi wa Kiislamu huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka ukiulinganisha na kalenda ya serikali. Mwaka 2025 Mfungo Sita uliangukia mwishoni mwa Agosti na Septemba. Piga hesabu: baada ya miaka kumi utakuwa umerudi Mei, wakati wa masika na kusi kali. Anayetaka kununua mahema leo na kuyatumia miaka hiyo yote asinunue turubai la kivuli peke yake. Anunue linalostahimili mvua, na ajue kwamba kigingi hakishiki mchangani upepo ukiwa mkali. Sisi twafunga kila mguu wa hema kwa mapipa ya maji au viroba vya mchanga, na upande wa upepo twaongeza. Nimepata kuliona hema la watu wengine likiruka ukuta wa bahari na kuangukia majini, na wageni walikuwa wamekaa chini yake dakika chache tu kabla. Mwenyezi Mungu alisitiri.

Kisha kuna bahari yenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika hamsini kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwetu hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Basi mtu akikuandikia ratiba kwamba vyombo vitashushwa gatini saa nne asubuhi siku ya bamvua, jua hakuuliza. Saa hiyo mashua zilizofungwa mbele ya mji zimekaa juu ya tope, na jenereta yako iko Mokowe, gati la ng'ambo ya bara, yaingoja bahari irudi. Mbio zenyewe nazo hupangwa hivyo: zianze baada ya Adhuhuri, maji yakiwa yanapanda na upepo umeshachangamka, zimalizike kabla ya Magharibi. Ratiba ninazoandika mimi huanza kwa jedwali la maji, zikafuata saa za sala, na mwisho kabisa ndipo naweka hotuba za waheshimiwa. Waheshimiwa wamewahi kukasirika. Bahari haijapata kuwasikiliza.

Na hili si la Lamu peke yake. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, dunia ilimtazama yeye, na ni haki yake. Mimi niliwatazama waandaaji. Walikuwa wametenga siku kadhaa, kuanzia tarehe 12 hadi 20, wakasubiri utabiri wa hali ya hewa ndipo wakataja siku na saa ya kuanza. Wawekaji kasi walikuwa 41, wakipokezana kwa zamu, na kila mmoja alijua atasimama wapi mbele au nyuma yake. Kuna mtu alikaa mezani akapanga zamu hizo moja moja. Kuna mtu alizitazama nyuzijoto na upepo siku nzima na usiku. Majina yao siyajui, na nina hakika wanalipwa vizuri popote walipo leo, maana mtu anayeweza kupanga jambo kama lile hakosi kazi.

Mwanangu unayesoma barua hii, hiyo ndiyo nafasi iliyo wazi. Wenye kutaka maikrofoni ni wengi mno, na maikrofoni ni moja.

Wacha nieleze kidogo kazi ya vyombo, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa na wachache wanaotaka kuijua kweli. Adui wa kwanza wa fundi wa sauti kisiwani ni chumvi. Hewa yetu yenyewe ina chumvi, na ukiiacha spika barazani usiku mmoja, asubuhi utaona vichwa vya waya vimeanza kuota kijani. Kwa hivyo shughuli ikiisha, kabla hatujala, kila kichwa cha waya kinafutwa kwa kitambaa kikavu, kila waya unakunjwa kwa duara kubwa za kulegea, moja ya juu na moja ya chini, ili ufunguke bila kujisokota. Kijana anayezungushia waya kwenye kiwiko kama kamba ya kisimani simpi waya wangu mara ya pili. Nje hutaona kitu, ndani nyuzi zinakatika, na siku ya pili sauti inakwaruza mbele ya watu mia tano. Mixa, kifaa cha kuchanganyia sauti, husafiri imefungwa kwa plastiki, juu yake leso mbili, na haikai chini ya mashua hata siku moja. Hukaa mapajani mwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Mjini hakuna gari la kukusogezea mzigo mpaka uwanjani. Kutoka gatini ni mkokoteni mpaka penye njia ya mkokoteni, kisha ni punda na mabega ya mahamali. Usimpigie hamali kelele. Mpe maji, mwambie kipi kizito na kipi huvunjika, mlipe siku hiyo hiyo mkononi au kwa M-Pesa. Mahamali wa gatini ndio wanaojua ni njia gani ina harusi leo na imefungwa kwa vigari vya vyakula, na wakikupenda watakupitisha kwingine bila kuulizwa.

Tukifika Mkunguni, mbele ya Ngome, kuna masharti ambayo fundi kutoka nje huyaona ya ajabu. Hapigilii msumari mtu ukutani. Mji mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwamo, kuta hizi za matumbawe na chokaa hazistahili kutobolewa kwa ajili ya bango la siku tatu. Kila kitu husimama kwa miguu yake au hufungwa kwenye nguzo tulizoleta. Spika hazielekezwi msikitini. Kabla ya adhana, sauti inazimwa. Haipunguzwi, inazimwa, na ratiba iwe imeacha nafasi hiyo toka mwanzo ili msanii asikatwe katikati ya wimbo akaona ametukanwa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zadai leseni kwa shughuli itakayopita kiwango cha sauti kilichowekwa, na polisi lazima waarifiwe. Karatasi hizo nazichukua mapema. Lakini kuna ruhusa nyingine isiyoandikwa, ya kwenda nyumba za jirani siku moja kabla, kubisha hodi, kumwambia bibi mwenye mgonjwa ndani kwamba kesho kutakuwa na ngoma hadi saa fulani, na kumwachia namba ya simu. Hiyo imeniokoa kuliko leseni yoyote.

Sasa fedha. Hapa sitaficha uchungu wangu.

Kuna ofisi moja, jina lake naliacha, iliyonichukua kwa shughuli kubwa ya siku kadhaa. Mahema, viti, sauti, jenereta mbili, na boti ya uokozi kwa ajili ya mbio. Barua ya kuagiza kazi nilikuwa nayo, ankara nilipeleka siku ya pili yake. Nikaambiwa ngoja. Juni ikaisha, mwaka wa fedha wa serikali ukafungwa tarehe 30, na ankara yangu ikahamishiwa kwenye fungu la madeni ya nyuma. Nikawa mtu wa kukaa kwenye benchi la ofisi pamoja na wenzangu: mwenye boti, mama aliyepika, kijana wa mabango. Mwenye boti alikuwa amenunua mafuta kwa mkopo. Mama aliyepika alikuwa ameuza mbuzi wake kununua mchele. Fedha zilikuja, alhamdulillahi, lakini zilipokuja chama chetu cha akina mama kilishanidai, na vijana wangu nilishawalipa kutoka kwenye karo ya mwanangu. Sikutaka hamali wala fundi alale na njaa kwa sababu sahihi moja haijatiwa.

Sheria iko. Tangu 2013 vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za umma, na nawahimiza wote wajiandikishe wapate cheti. Mimi ninacho. Lakini cheti chakupa kazi, hakikupi malipo kwa wakati, na mwenye mtaji mdogo huuawa na kungoja kuliko kukosa kazi. Ndiyo maana siku hizi naziweka kalenda tatu ukutani: ya mwezi, ya maji na ya bajeti. Kazi ya serikali ya Mei na Juni naipokea kwa tahadhari kubwa. Kazi ya Agosti naipokea kwa tahadhari pia, maana mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini fedha zenyewe hazifiki siku hiyo.

Kwa watu binafsi na mahoteli masharti yangu ni karatasi moja. Kila kifaa na bei yake. Usafiri wa baharini mstari wake peke yake, asije mtu akasema alidhani umo ndani. Dizeli ni ya nani, imeandikwa. Shughuli ikipita saa sita usiku kuna nyongeza, imeandikwa. Nusu ya malipo kabla mzigo haujatoka dukani. Ankara ni ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu 2024 kampuni haiwezi kuhesabu gharama yake kwa mamlaka ya kodi bila hiyo, na asiyeitoa anapoteza wateja wakubwa bila kujua kwa nini. Vijana wengi huogopa karatasi wakidhani ni mambo ya Nairobi. Karatasi ndiyo yenye kumlinda mnyonge.

Na kuna maneno haya, "njoo ufanye bure, utajulikana." Nayasikia kila msimu, na mara nyingi husemwa na mtu aliyekwisha kuwalipa wasanii, hoteli na tiketi za ndege. Mimi bure nafanya, na nafanya kwa moyo mweupe: maziko, madrasa, michezo ya watoto wa shule. Hayo nayachagua mwenyewe. Mwenye tiketi mlangoni na mdhamini kwenye bango asimwombe kijana wa Wiyoni au Gadeni jasho la bure. Kijana huyo anakula kila siku, tamasha iwepo isiwepo.

Nasema isiwepo kwa sababu tumeyaona. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara huku kwetu, na nchi zao zikawaonya raia wasije Lamu. Mwaka 2014 yalitokea mauaji ya Mpeketoni, likafuata katazo la kutoka nje usiku, na nani atakodi taa na spika mahali ambapo watu hawaruhusiwi kutoka usiku? Mwaka 2020 ikaja korona. Kila mara waliofunga biashara wa kwanza ni wale walioitegemea tamasha na wageni peke yao. Mimi nilishikiliwa na harusi, maziko na mikutano ya wavuvi, vitu visivyo na picha wala bango. Viti hamsini vya plastiki vilivyokodiwa kila wiki mtaani vilinilisha miaka ambayo jukwaa kubwa lilikuwa limefungwa stoo. Kijana anayeanza leo aanze na viti. Spika kubwa itakuja.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mechi hazitachezwa Lamu, hilo twalijua. Lakini viwanja vitahitaji watu wa kuongoza mashabiki milangoni, wa kukagua tiketi, wa kuvuta nyaya za matangazo, wa kupanga vyakula, wa kutunza muda. Mtu anayeweza kuendesha mbio za mashua, ambapo uwanja wenyewe hupanda na kushuka na mashabiki wamesimama juu ya ukuta wa bahari, hana cha kuogopa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Anachokosa ni ushahidi. Kwa hivyo nawaomba wote wanaofanya kazi nasi wawe na daftari lao: tarehe, shughuli, kazi aliyofanya, nani alikuwa msimamizi, na sahihi yake. Mimi natia sahihi kwa kila kijana anayemaliza zamu, hata aliyebeba viti. Kuna binti aliyenifanyia uandishi wa mashua misimu kadhaa, sasa yuko Mombasa anapanga mikutano ya hoteli. Alipoenda kuomba kazi alibeba daftari.

Wasichana wasitishwe. Nilipoanza, kulikuwa na waliosema mwanamke hana shughuli gatini saa za kupakia. Sikubishana nao. Nilijifunga buibui vizuri nikahesabu mzigo, na hesabu ilitimia.

Kwa kamati za tamasha na mbio za mwaka huu, za umma na za watu binafsi, nina maombi yangu na nayasema wazi. Tangazeni ratiba baada ya kutazama jedwali la maji, na mwite manahodha kwenye kikao cha kwanza badala ya cha mwisho. Boti ya uokozi na jaketi za kujiokoa ziwe kwenye bajeti toka mwanzo, zisiwe kitu cha kuazimwa asubuhi ya mbio. Mahitaji yanayopatikana Lamu yakodiwe Lamu kabla ya kupigia simu Mombasa. Mafundi tunao, na wanajua chumvi. Na katika kila mkataba iandikwe tarehe ya malipo, kwa tarakimu, pamoja na jina la afisa atakayeulizwa tarehe hiyo ikipita. Mkataba usiokuwa na tarehe hiyo, mimi na wenzangu wa boti na wa jikoni tumekubaliana hatutautia sahihi msimu huu.

Wako,
Mwenye mahema na vipaza sauti,
Mtaa wa Langoni, Lamu